Shahada ya ualimu: inagharimu nini, inalipa nini? (Sehemu ya Pili)

KATIKA sehemu ya kwanza tulieleza jinsi nchi yetu ilivyofika mahali pa kusomesha walimu wengi wa shahada. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004 ulizaa shule za kata, na shule hizo zikahitaji walimu. Mwaka 2005 vyuo vya Chang'ombe na Mkwawa vikageuzwa kuwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu, na 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Leo tunashika kalamu na karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ya mtoto ni mali kubwa kuliko nyingi ambazo mzazi wa kawaida huwekeza maishani.

Tuanze na gharama. Shahada ya ualimu husomwa miaka 3. Ada katika chuo kikuu cha umma ni shilingi milioni moja na ushei kwa mwaka. Kinachokula fedha nyingi zaidi ni kuishi: chakula na malazi, ambavyo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilikuwa ikivikopesha kwa Sh8,500 kwa siku hadi ilipopandisha kiwango kuwa Sh10,000 katika mwaka wa masomo 2022/23. Chukua kiwango kile cha zamani kwa mwaka wa masomo wa siku 240 hivi, utapata milioni 2 na zaidi kidogo kila mwaka. Ongeza ada, vitabu na mafunzo ya ufundishaji kwa vitendo, na kwa miaka 3 unafika kwenye milioni 10. Huo ndio mkopo tutakaoutumia katika hesabu yetu, kwa mwanafunzi aliyepata bumu kamili.

Gharama ya pili haionekani kwenye risiti yoyote. Ni mshahara ambao kijana hakuupata akiwa darasani. Mwenzake aliyemaliza kidato cha sita siku ile ile, akaenda chuo cha ualimu kusoma stashahada ya miaka 2, yuko tayari kuajiriwa mwaka mmoja mapema. Wazazi wengi hawauhesabu mwaka huo. Sisi tutauhesabu.

Sasa mapato. Nitatumia mwaka wa fedha 2021/22, kabla ya nyongeza zilizofuata, kwa sababu viwango vyake vilitulia kwa muda mrefu na vinaonyesha vizuri umbo la jambo lenyewe. Mwalimu wa stashahada aliyeanza kazi serikalini aliwekwa ngazi ya TGTS C, mshahara Sh530,000. Wa shahada aliwekwa TGTS D, Sh716,000. Tofauti ni Sh186,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo tofauti inayosemwa vijiweni na kwenye vikao vya ukoo pale mtoto anapochagua chuo. Lakini hakuna mwalimu anayekula mshahara wa kwenye barua ya ajira. Anakula kinachobaki baada ya makato.

Mwalimu wa stashahada hukatwa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni, asilimia 3 ya bima ya afya, asilimia 2 ya chama cha walimu, na kodi ya mapato. Katika Sh530,000 makato hayo ni Sh71,680. Anabaki na Sh458,320.

Mwalimu wa shahada hukatwa hayo hayo kwa viwango hivyo hivyo, ila kodi inamuuma zaidi, kwa kuwa kipato kinachovuka Sh520,000 hutozwa asilimia 20 badala ya asilimia 8. Baada ya hapo inakuja Bodi ya Mikopo na asilimia 15 ya mshahara wake, yaani Sh107,400 kila mwezi. Jumla ya makato ni Sh231,040. Anabaki na Sh484,960.

Linganisha. Mwalimu wa shahada anayelipa mkopo anamzidi wa stashahada asiye na mkopo kwa Sh26,640 tu kwa mwezi. Ile laki na elfu themanini na sita ya vijiweni imeyeyuka. Wako wanaofundisha darasa moja, wakapanga nyumba jirani, na kwa miaka kadhaa mfukoni wanakaribiana, ingawa mmoja ana joho na mwingine hana.

Mkopo wa milioni 10 kwa makato ya Sh107,400 humalizika baada ya miezi 93 hivi, karibu miaka 8. Hapo ndipo shahada inapoanza kupumua: mwalimu wetu anabaki na Sh592,360, na tofauti inapanda hadi Sh134,040 kwa mwezi. Lakini bado ana deni la ule mwaka mmoja ambao mwenzake alikuwa kazini, karibu milioni 5.5 za mshahara wa mkononi. Ukizijumlisha tofauti zote mwezi kwa mwezi, anamfikia mwenzake baada ya miezi 116 ya kazi, yaani miaka 9 na miezi 8. Kuanzia hapo hadi miaka 60 ya kustaafu, kwa aliyeajiriwa akiwa na miaka 24, faida ya shahada ni kama milioni 42. Pensheni nayo hukokotolewa kwa kufuata mshahara, kwa hiyo faida huendelea hata uzeeni. Hesabu hii inachukulia kwamba wote wawili wanapandishwa madaraja kwa wakati, ili pengo la ngazi lisifutike.

Sera ya mikopo imebadilisha sana hesabu hii, na ni haki kulisema. Kabla ya marekebisho ya sheria ya 2016, makato yalikuwa asilimia 8. Yalionekana mepesi, kumbe yalikuwa mtego, kwa sababu deni lilikuwa likiongezwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kutunza thamani ya mkopo. Kwa mkopo wa milioni 10, tozo ya mwaka ni Sh600,000. Asilimia 8 ya Sh716,000 kwa mwaka mzima ni Sh687,360. Mwalimu alikatwa mwaka mzima, na deni likapungua kwa Sh87,360. Kufutwa kwa tozo hiyo mwaka 2021 ni moja ya nafuu kubwa walizowahi kupata walimu vijana, hata kama kwenye karatasi ya mshahara makato ya asilimia 15 yalibaki pale pale.

Mpaka hapa jibu ni kwamba shahada inalipa, ingawa polepole. Lakini hesabu yote tuliyoifanya imesimama juu ya dhana moja: kwamba mhitimu ameajiriwa mara tu alipomaliza. Dhana hiyo haisimami tena. Katika usaili wa ajira za walimu wa Januari 2025, waombaji zaidi ya 200,000 walikuwa wakiwania nafasi zisizofika 15,000. Hao ni zaidi ya watu 13 kwa kila nafasi. Zama za kumaliza chuo na kusubiri jina litoke kwenye orodha ya waliopangiwa vituo zimepita.

Mhitimu wa shahada anayekaa mtaani miaka 5 amekosa mishahara ya mkononi inayofika milioni 29. Hiyo ni zaidi ya theluthi mbili ya faida yote ya milioni 42 tuliyoihesabu kwa maisha yake yote ya kazi. Wa stashahada naye husubiri, hilo ni kweli, lakini hasubiri akiwa na mkopo wa milioni 10 mgongoni. Na anapoajiriwa hatimaye, mwenye shahada huanza na makato ya juu wakati ana madeni ya miaka ya kusubiri. Hapo ndipo wengine huangukia mikononi mwa wakopeshaji wa kausha damu, wanaoshika kadi ya benki ya mwalimu na kumwachia fedha za kula tu.

Kwa hiyo kinachoamua thamani ya shahada ya ualimu ni miaka inayopita kati ya kuhitimu na kuajiriwa, kisha ni nani aliyelipia masomo. Cheti chenyewe kinakuja baada ya hayo. Nasema hivi kwa uchungu, maana ni vijana wetu waliofanya yote tuliyowaambia wafanye.

Nini cha kufanya? Kwa mzazi na kijana, kwanza chagueni masomo ya kufundishia kwa macho wazi. Fizikia, kemia na hisabati zimekuwa zikipewa kipaumbele katika ajira kwa miaka mingi, wakati walimu wa masomo ya sanaa wamerundikana. Kijana mwenye uwezo wa sayansi asizikimbie kwa kuogopa matokeo ya mtihani mmoja.

Pili, ipo njia inayopunguza gharama zote mbili: kuanza na stashahada, kuajiriwa, kisha kujiendeleza ukiwa kazini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kiliundwa kwa ajili ya watu wa namna hii. Mwalimu anayesoma huku akipokea mshahara hapotezi miaka ya mapato. Tahadhari ni kwamba asichelewe. Aliyekwisha kupanda hadi ngazi ya D kwa stashahada yake, shahada haitamwongezea mshahara siku anapobadilishiwa muundo. Inamfungulia tu ngazi za mbele.

Kwa Serikali, idadi ya wanaodahiliwa katika kila somo ilingane na mahitaji ya shule. Kumkopesha kijana milioni 10 asomee kazi ambayo hataipata kwa miaka mingi ni hasara kwa pande zote, kwa kuwa asiye na ajira hakatwi, na fedha isiyorejeshwa haimsomeshi mdogo wake.

Sehemu ya tatu itahusu shule binafsi: mikataba yake, mishahara yake, na haki ambazo mwalimu kijana anapaswa kuzijua kabla ya kutia saini.