Ngitili Ikilimwa: Mavuno ya Mwaka wa Kwanza Yanatoka Wapi?



Kila msimu wa kilimo unapokaribia, ofisi yetu ya miradi hupokea maombi yanayofanana kutoka Kishapu. Kamati inataka kulima sehemu ya ngitili ya usharika, ipande pamba au choroko, na fedha zitakazopatikana zimalizie jengo au zilipie watoto yatima mahitaji ya shule. Sababu ni nzuri. Tena kila mtu amewahi kuona ngitili iliyolimwa ikitoa mavuno makubwa mwaka wa kwanza. Katika makala hii tunaeleza mavuno hayo yanatoka wapi, na kwa nini hayadumu.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita sisi wenyewe tulikubali kamati moja ilime kipande cha ngitili yake. Mwaka wa kwanza mavuno yalikuwa mazuri, nasi tuliyaandika kwa furaha katika taarifa yetu. Mwaka wa pili yalikuwa ya wastani. Mwaka wa tatu mvua ilinyesha vizuri lakini mimea ilikuwa ya njano, na mzee mmoja wa kamati akatuuliza, "Ndugu zetu wataalamu, mvua ipo, mbegu ni ileile, je, rutuba imekwenda wapi?" Siku ile jibu letu halikumridhisha. Makala hii ni jibu tulilopaswa kumpa kabla jembe halijaingia.

Ngitili ni nini?

Kwa wasomaji walio mbali, ngitili ni malisho ya akiba katika desturi ya Wasukuma. Eneo hufungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti vikue, kisha hufunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi, malisho mengine yanapokwisha. Nyingi zilipotea katika karne iliyopita. Tangu miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa kwa wingi ili kuangamiza mbung'o, baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, na katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vipya na kuyaacha maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Mwalimu Nyerere aliita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo ngitili zilizokuwa katika kumbukumbu zilikuwa takriban hekta 600 tu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto. Kwa hiyo ngitili tunayotaka kuilima leo mara nyingi ni kazi ya miaka mingi ya wazazi wetu.

Wafanyakazi tusiowaona

Nyasi haziwezi kula jani lililooza nusu wala samadi mbichi. Naitrojeni na fosforasi zilizomo humo lazima kwanza zivunjwevunjwe na viumbe wadogo wa udongoni, hasa bakteria na kuvu. Gramu moja ya udongo wenye afya inaweza kuwa na mamia ya mamilioni ya bakteria. Mchwa na wadudu wanaofukia mavi ya ng'ombe huwasaidia kwa kuingiza chakula ardhini.

Kuvu wengine huishi pamoja na mizizi. Nyuzi zao nyembamba hufika pasipofikiwa na mzizi, huleta fosforasi, na mmea huwalipa kwa sukari. Katika mizizi ya choroko, kunde, karanga na aina nyingi za migunga wapo bakteria wanaoishi ndani ya vinundu vidogo. Hao huchukua naitrojeni kutoka hewani, ambako ni asilimia 78 ya hewa yote, na kuigeuza kuwa chakula cha mmea.

Wote hawa hulishwa na mizizi hai, majani yaliyoanguka na samadi. Katika ngitili chakula hicho kipo mwaka mzima, maana nyasi zake haziondoki baada ya msimu mmoja.

Jembe likiingia

Jembe hukata nyuzi za kuvu, hupasua mabonge ya udongo na kuingiza hewa. Mboji iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya mabonge sasa iko wazi. Bakteria huishambulia, huongezeka haraka, na naitrojeni nyingi huachiwa kwa mkupuo. Hayo ndiyo mavuno ya mwaka wa kwanza. Ni sawa na kikundi cha kuweka na kukopa kinachogawana mtaji wote kikidhani ni faida: siku ya mgao kila mtu anafurahi.

Baada ya hapo chakula cha viumbe hao hupungua. Mizizi ya pamba ni ya msimu tu, na masalia yake huondolewa na kuchomwa ili kuzuia wadudu. Uchunguzi katika nchi nyingi umeonyesha kwamba udongo wa nyika ukilimwa unaweza kupoteza robo hadi nusu ya kaboni ya tabaka la juu katika miongo michache. Katika udongo wetu wa kichanga, tunaouita luseni, mboji haina mfinyanzi wa kutosha wa kuishikilia, hivyo huisha mapema zaidi.

Mvua ya kwanza

Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alieleza jambo linalotuhusu sana. Udongo uliokauka kwa muda mrefu ukiloweshwa, viumbe wake huamka kwa kishindo na kuachia naitrojeni nyingi katika siku chache. Katika ngitili, mizizi iliyo hai huidaka. Katika shamba tupu hakuna wa kuidaka: kwenye kichanga huzama chini na maji, na kwenye mbuga iliyotuama maji bakteria wengine huirudisha hewani. Ndiyo maana anayechelewa kupanda hukosa mbolea aliyopewa bure.

Ng'ombe si adui

Wapo wanaofikiri dawa ni kufukuza mifugo. Utafiti wa Samuel McNaughton na wenzake katika Serengeti, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba wanyama wanaokula majani huharakisha mzunguko wa virutubisho, kwa kuwa mavi na mkojo wao huwalisha viumbe wa udongoni. Madhara huja mifugo inapokaa mahali pamoja bila kupumzisha nyasi. Mizizi hufupika, ardhi hukanyagwa ikawa ngumu, na maji ya mvua hukimbia juu. Desturi ya kufunga na kufungua ngitili inalijibu tatizo hilo.

Tunachoshauri

1. Ngitili isilimwe ili kupata fedha za haraka. Kamati ihesabu pia malisho, kuni na asali itakavyovikosa miaka yote ijayo.

2. Samadi irudi shambani. Ikichomwa kama kuni, naitrojeni yake karibu yote huenda na moshi.

3. Mabua ya mtama yasifukiwe karibu na kupanda. Yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, hivyo bakteria huinyang'anya mimea naitrojeni ya udongo na mimea huwa ya njano. Yaliwe na mifugo, au yaozeshwe kwanza pamoja na samadi.

4. Choroko, kunde na dengu zipishane na mtama na pamba katika mashamba yanayolimwa tayari. Wakati wa kuvuna zikatwe, mizizi ibaki ardhini.

5. Shamba liandaliwe mapema ili mbegu zipandwe mvua za kwanza za uhakika zinapofika.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: kisima kina siku ya uzinduzi na picha yake, lakini udongo unaopona hauna siku hiyo. Kipande tulichokiri hapo juu sasa kimefungwa tena. Nyasi za kudumu zimeanza kurudi pembezoni, katikati bado kuna magugu, na kazi ya jembe la siku chache itachukua miaka mingi kurekebishwa. Tunaomba mtuvumilie taarifa zetu zinapokosa mabadiliko makubwa ya mwaka mmoja.

Na kwa kamati ambazo maombi yao yako mezani kwetu, tutafika kwenu kabla ya mvua. Njooni na majembe ya mkono. Tutachimba shimo moja ndani ya ngitili na jingine katika shamba la jirani, tutazame rangi ya udongo, mizizi na wadudu waliomo. Uamuzi tutaufanya pamoja hapohapo, tukiwa tumesimama kando ya mashimo hayo mawili.