Umehamia mji mpya na kamba yako? Tafuta mwenza wa kupanda miamba, na pesa zako zibaki salama

Mwenzetu mmoja hapa kazini alihamishwa kutoka Nairobi hadi Nakuru. Nairobi alikuwa na watu wake. Jumamosi asubuhi, simu moja tu, gari linajaa, saa mbili baadaye wako Lukenya wanapanda miamba. Nakuru hakumjua mtu. Kamba yake ilikaa chini ya kitanda miezi mitatu.

Ukitaka kukimbia, unavaa viatu na kutoka peke yako. Miamba haiko hivyo. Lazima awepo mtu chini anayekushikia kamba, na ukiteleza, uhai wako uko mikononi mwake. Ndiyo maana anayehamia eneo jipya hutamani sana kupata wenzake haraka. Na matapeli wanaijua haraka hiyo.

Mwenzetu alipewa nambari ya mtu aliyesema anapeleka vikundi Hell's Gate. "Imebaki nafasi moja tu, tuma 2,500 nikuwekee." Alipoandika nambari, jina lililotokea kwenye simu halikuwa lile aliloambiwa. Akauliza. Akajibiwa kwamba hiyo ni laini ya shemeji. Akatuma. Jumamosi alisimama stendi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu. Simu ya mwenyewe imezimwa.

"Jina niliona," alituambia. "Lakini nilitaka sana kwenda."

Mtu wa kufanya kazi kwetu, anayewafundisha wateja kila siku! Kama yeye alinaswa, hakuna aliye salama. Kwa hivyo tumeandika hapa aliyojifunza, ya kamba na ya pesa.

Anza na watu unaowajua

Wapandaji miamba Kenya si wengi, na wengi wao wanajuana. Kabla ya kutafuta mgeni, pigia simu wale wa zamani: "Nimehamia huku, unamjua nani?" Mwenzetu alipofanya hivyo, rafiki yake wa Lukenya alimuunganisha na fundi mmoja wa Naivasha siku hiyo hiyo.

Kama huna wa kumpigia, nenda mahali wapandaji hukutana. Mountain Club of Kenya ilianzishwa mwaka 1949 na nyumba yake iko karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Hata ukikaa mbali, ukiwatembelea mara moja unaweza kutoka na nambari za watu wa upande wako. Kuta za kupandia za ndani pia ni mahali pazuri: unamwona mtu akifanya kazi na kamba kabla hujamwamini nje.

Halafu kuna miamba yenyewe. Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba ulio karibu na lango la Hell's Gate, una urefu wa takriban mita 25, na wanaoanza huupenda. Ukienda wikendi, salimia watu, tazama, uliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mpime kabla hujamwachia kamba

Kutaneni kwanza kwa chai. Muulize amepanda wapi na nani, kisha umpigie huyo nani. Mwambie akufunge fundo la nane mbele yako. Uliza kamba yake ina umri gani na kama imewahi kukatika nyuzi. Anayejua kazi hatakasirika, naye atakuuliza maswali hayo hayo.

Siku ya kwanza chagueni njia fupi na rahisi. Kabla ya kila mtu kupanda, kagua mkanda wake, fundo lake na karabina yake, naye akague zako. Kila mara, hata mkizoeana. Na kofia ngumu ivaliwe na aliye chini pia, maana jiwe halichagui.

Sasa tuje kwa pesa

Safari hizi hugharimu, na mara nyingi mnachanga. Hapa ndipo urafiki mpya huharibika.

Ada ya lango usimtumie mtu. Malipo ya hifadhi za KWS hufanywa kupitia eCitizen, na kila mmoja anaweza kujilipia kwa simu yake. Akikuambia "nitumie mimi nitawalipia wote kwa bei ya chini", achana naye.

Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa tofauti, simama hapo. Usikubali hadithi ya laini ya shemeji. Mwambie mtakutana ana kwa ana, utalipa hapo.

Usilipe nafasi kwa mtu usiyewahi kumwona. "Imebaki moja tu" ni maneno ya kukuharakisha. Mwenza wa kweli anahitaji mtu wa kumshikia kamba kama wewe unavyohitaji. Hana sababu ya kukukimbiza.

Piga hesabu mbele ya wote. Tuseme mko wanne. Mafuta ni 4,000, chakula na maji 1,600. Jumla 5,600, kila mtu 1,400. Chagueni mmoja wa kushika pesa, aonyeshe jumbe za malipo kwenye kikundi chenu, na chenji irudi siku hiyo hiyo. Shilingi 200 iliyosahaulika inaweza kuvunja timu.

PIN ni yako peke yako. Ukiwa juu ya mwamba, simu yako pengine iko kwenye begi chini. Ifunge kwa nywila, na usimpe mtu PIN "akulipie chakula mara moja". Hata yule aliyekushikia kamba.

Ukituma kimakosa au ukitapeliwa, ripoti kwetu mara moja. Usisubiri jioni. Pesa ikishatolewa, kuirudisha ni vigumu sana, na hilo ndilo lililomkuta mwenzetu. Alisubiri hadi saa tatu akitumaini gari litakuja. Tapeli akiwa mtu uliyemtumia kwa hiari, piga ripoti polisi pia na uhifadhi jumbe zote.

Kabla hujatoka nyumbani

Mwambie mtu unaenda wapi, na nani, na utarudi saa ngapi. Chaji simu, weka muda wa maongezi, na uache akiba ya dharura ambayo haiguswi. Kuna sehemu mtandao hupotea, kwa hivyo beba pesa taslimu kidogo. Na mawingu yakiwa mazito, kaeni mbali na korongo: mafuriko ya ghafla pale Hell's Gate yaliua watu mwaka 2012 na tena 2019.

Mwenzetu na yule fundi sasa wanapanda pamoja karibu kila Jumamosi. Siku ya kwanza kila mmoja alijilipia langoni, na fundi alimfanya afungue fundo na kulifunga upya mara mbili. Anasema hapo ndipo alipojua amepata mtu.

Zile 2,500 hazikurudi. Zako bado unazo. Soma jina kwanza.