Programu Ipo, Kompyuta Haiioni: Maelezo Juu ya Orodha ya Njia

Mwanafunzi akisha kuweka programu mpya katika kompyuta, huandika jina lake katika dirisha la amri na kutaraji ianze kazi. Badala yake kompyuta hujibu kwamba amri hiyo haijulikani. Aghalabu mwanafunzi huamua kwamba programu imeharibika, au kompyuta yenyewe ni mbovu. Huifuta programu na kuiweka upya, mara ya pili na ya tatu, na jibu huwa lile lile. Kipindi kizima cha maabara hupotea hivyo. Lakini mara nyingi hakuna kilichoharibika. Programu imo diskini. Kilichokosekana ni kuitafuta mahali ilipo. Yafaa basi kueleza jinsi kompyuta inavyotafuta programu.

Mfano wa tarishi

Diski ya kompyuta imegawanywa katika saraka, yaani mahali panapohifadhiwa faili za namna moja pamoja, mfano wa vyumba katika jengo kubwa. Jengo hilo huweza kuwa na maelfu ya vyumba. Mtumiaji anapoandika jina la programu, jina hilo hupokewa na mfasiri wa amri, ambaye kazi yake hufanana na ya tarishi wa ofisini. Tarishi huyu haingii kila chumba, kwani angechelewa mno. Amepewa orodha fupi ya vyumba, naye huvipitia kwa mpangilio ulioandikwa. Akilikuta jalada lenye jina aliloagizwa, hulichukua na kurudi nalo papo hapo. Asipolikuta katika chumba chochote cha orodha, hurudi na kusema kwamba halipo, hata kama limo katika chumba cha jirani kisichoandikwa.

Orodha hiyo ndiyo iitwayo PATH, maana yake njia. Katika toleo la saba la Unix, lililotolewa mwaka 1979, mfasiri wa amri aliyeandikwa na Stephen Bourne alimwezesha mtumiaji kujipangia orodha hiyo kwa jina la PATH. Mwaka 1983 toleo la pili la MS-DOS lilileta saraka katika kompyuta ndogo za mezani, pamoja na orodha ya PATH. Mifumo ya leo ya Linux, macOS na Windows imeirithi. Katika Linux na macOS saraka za orodha hutenganishwa kwa nukta mbili. Katika Windows hutenganishwa kwa nukta mkato.

Kasoro nne na vyanzo vyake

Kasoro ya kwanza ni saraka ya programu kutokuwamo katika orodha. Lugha ya Python ni mfano mwema. Katika Windows, kisakinishi chake kilichotumika kwa miaka mingi kina kisanduku cha kuongeza Python katika PATH, nacho huwa hakijatiwa alama. Mwanafunzi asipokitia alama, Python huwekwa diskini ikiwa kamili, lakini tarishi haelekezwi iliko.

Kasoro ya pili ni kukutwa kwanza programu nyingine yenye jina lile lile. Tukumbuke kwamba tarishi huridhika na jalada la kwanza. Kompyuta ikiwa na matoleo mawili ya Python, litakaloanza ni lile ambalo saraka yake imetangulia katika orodha, wala si lile jipya zaidi. Kadhalika Windows 10 na 11 zina faili ndogo iitwayo python.exe ambayo kazi yake ni kumpeleka mtumiaji kwenye duka la programu la Microsoft. Saraka ya faili hiyo ikitangulia, mwanafunzi aliyekwisha kuweka Python huonyeshwa duka, akashangaa.

Kasoro ya tatu hutokana na urithi. Kila programu inapoanzishwa hupewa nakala ya orodha na ile iliyoianzisha. Mtu akirekebisha orodha katika mipangilio ya kompyuta, dirisha la amri lililokuwa wazi tangu awali hubaki na nakala ya zamani. Marekebisho yake ni sahihi, lakini huyaona kuwa hayakufaa kitu. Dawa ni kulifunga dirisha hilo na kufungua jipya.

Kasoro ya nne ndiyo inayotisha zaidi. Mtumiaji wa Linux hutaka kuongeza saraka moja, akaandika:

PATH=/opt/mpya/bin

Mara hiyo hata amri za kila siku, kama ls, hutoweka. Hakuna faili iliyofutwa. Orodha nzima ya zamani imebadilishwa kwa saraka moja tu. Ilimpasa kuandika:

PATH=/opt/mpya/bin:$PATH

Sehemu ya mwisho huibakiza orodha ya awali. Ushahidi kwamba faili zimo ni huu: akiandika anwani kamili, /bin/ls, amri hufanya kazi kama kawaida, kwa kuwa anwani kamili haihitaji orodha. Ikiwa badiliko halikuhifadhiwa katika faili ya mipangilio, kufungua dirisha jipya hurudisha hali ya kwanza.

Utaratibu wa uchunguzi

Kuuliza si ujinga, na kompyuta huulizwa pia. Kabla ya kufuta chochote, na yafanyike haya kwa mfuatano.

1. Iandikwe anwani kamili ya programu. Ikianza, programu ni nzima na kasoro imo katika orodha.
2. Isomwe orodha yenyewe. Katika Linux na macOS huandikwa echo $PATH. Katika dirisha la cmd la Windows huandikwa echo %PATH%.
3. Ziulizwe programu zote zenye jina hilo: type -a python3 katika Linux na macOS, where.exe python katika Windows. Jibu hufuata mpangilio wa orodha, hivyo la kwanza ndilo litakaloanzishwa.
4. Lifunguliwe dirisha jipya baada ya kila marekebisho.

Mpangilio ni suala la usalama

Wapo wanaoongeza katika orodha nukta moja, ambayo katika Unix maana yake ni saraka yoyote mtumiaji alimo wakati huo. Katika kompyuta inayotumiwa na wanafunzi wengi jambo hili ni la hatari. Mkorofi aweza kuweka katika saraka ya pamoja programu yake aliyoipa jina la ls. Nukta ikitangulia katika orodha, mwalimu atakayeandika ls akiwa humo ataiendesha programu ya mkorofi kwa mamlaka yake mwenyewe, na faili za mitihani zaweza kusomwa au kufutwa. Nafasi iliyoachwa tupu kati ya vitenganishi viwili huwa na maana ile ile ya nukta, kwa hiyo kosa dogo la uandishi laweza kufungua mlango huo. Katika Windows, cmd huanza kutafuta katika saraka alimo mtumiaji hata bila kuagizwa.

Mwalimu aweza kulifanya somo hili kuwa zoezi la vitendo: kila mwanafunzi aisome orodha ya kompyuta yake, atabiri ni programu ipi itakayoanza, kisha athibitishe kwa type au where.exe. Utabiri ukikosea, chanzo chake kitafutwe katika mpangilio wa saraka kabla ya kuilaumu mashine.