Kibubu cha Bunduki

Mtu atiaye senti zake katika kibubu hajidharau. Anajua tu kwamba nia yake ya leo yaweza kulegea kesho, apitapo dukani. Huko Marekani majimbo machache yametunga sheria yenye busara kama hiyo, lakini katika jambo zito zaidi: mtu aliye na utulivu wa akili leo hujiandikisha mwenyewe ili asiuziwe bunduki siku ambayo ugonjwa utamrudia.

Wazo hilo lilitolewa na Fredrick Vars, profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Alabama, ambaye ameeleza hadharani kwamba yeye mwenyewe anaishi na ugonjwa wa akili unaompandisha mtu katika msisimko uliopita kiasi, kisha kumshusha katika huzuni nzito. Msingi wa wazo lake ni wa kitaalamu. Mwaka 2023 watu zaidi ya 27,000 walijiua kwa bunduki nchini Marekani, idadi inayozidi nusu ya wote waliojiua mwaka huo. Hata hivyo, kwa wengi tamaa ya kufa haidumu. Watafiti waliwahoji watu 153 mjini Houston, wenye umri wa miaka 13 hadi 34, walionusurika baada ya kujaribu kujiua. Takriban robo yao walisema kwamba baina ya kukata shauri na kutenda hazikutimia dakika 5. Tena, walio wengi kati ya wanaonusurika hawafi baadaye kwa kujiua. Kinachotafutwa, basi, ni muda: dhoruba ipite wakati silaha iko mbali.

Jimbo la Washington lilitangulia mwaka 2018, likafuatwa na Virginia mwaka 2020 na Utah mwaka 2021. Washington, atakaye hujaza fomu na kuipeleka kwa karani wa mahakama pamoja na kitambulisho chenye picha. Jina lake huingizwa katika kumbukumbu zinazokaguliwa kabla muuza bunduki hajaruhusiwa kuuza.

Jina laweza kufutwa, na hapo ndipo ubora wa sheria unapopimwa. Washington, ombi la kufuta halipokelewi kabla ya siku 7 tangu kujiandikisha. Zikiisha hizo, kinga imekuwa nyembamba. Virginia hungoja siku 21 baada ya ombi lenyewe, na huo ndio mpango ulio imara zaidi.

Vars na wenzake walipowauliza wagonjwa wa akili 200 huko Alabama, asilimia 46 walisema wangekubali kujiandikisha. Lakini waliojiandikisha kweli ni wachache mno. Kwenda mahakamani si safari nyepesi kwa mtu aliyeelemewa na huzuni. Na bunduki iliyokwisha kuwamo kabatini haiondolewi na ukaguzi wa dukani.

Fomu ya Washington ina nafasi ya jina la pili, la mtu atakayearifiwa endapo mwandikaji ataomba kulifuta la kwanza.