Kamba ya Filimbi ya Mbwa: Tuifunge Wenyewe, na Ikatike Inapotakiwa

Siku ya chanjo ya mbwa huwa kama siku ya soko. Vumbi, kelele, watoto wanavuta kamba huku na mbwa wanavuta kule. Mara ya mwisho tulipokaa pale nje ya zahanati tukiandika majina, tuliona kwamba wale ambao mbwa wao huja wakiitwa walimaliza mapema na kurudi kwa kazi zao. Wengine walifika mikono mitupu. "Wangu amekimbilia kichakani, nitamleta mwakani," mzee mmoja alituambia, na akaketi kivulini kuzungumza na wenzake.

Mwakani ni mbali, mzee wetu. Kichaa cha mbwa hakingoji, na mtu akishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Ili ugonjwa huu ukatike katika eneo, inatakiwa angalau mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Serikali yetu ina mpango ulioanza mwaka 2014 wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030. Lakini mpango hauwezi kumkamata mbwa wa mtu kichakani. Mwenye mbwa ndiye anaweza.

Hapo ndipo filimbi inaingia. Sauti ya mtu hubadilika: leo una hasira, kesho una mafua, na mbwa anajua kabisa kama unamwita kwa wema ama kwa fimbo. Filimbi hulia vile vile, aipulize baba, mtoto ama nyanya. Tena inafika mbali kuliko kelele za mdomo, hasa kule malishoni ambako mbwa akifuata mbweha huwa hasikii la mtu. Filimbi ya kawaida ya refa inatosha. Ziko pia zile zinazoitwa za kimya, ambazo zilianzia kwa Mwingereza Francis Galton mwaka 1876, alipotaka kupima mwisho wa usikivu wa watu na wanyama. Sikio la mtu hufika mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, la mbwa hupita 40,000. Sisi hatuzipendekezi sana kwa watoto wachungaji, kwa sababu mtoto hawezi kujua kama imelia au imejaa mchanga.

Taabu ya filimbi ni moja tu: hupotea. Kijana mmoja tuliyemuuliza filimbi yake iko wapi aligeuza mfuko wa kaptula akatuonyesha tundu. Kwa hivyo tulianza kuwafundisha watoto wa jumuiya zetu ndogo ndogo kufunga kamba ya kuvaa shingoni.

Na hapa lazima tukiri kosa letu. Kamba za kwanza tulifunga kwa nailoni ngumu, mafundo kila mahali, tukajisifu kwamba hata ng'ombe hazikati. Wiki chache baadaye mvulana mmoja aliruka kutoka juu ya mgunga alikokuwa akikata matawi ya mbuzi, na kamba ikanasa kwenye tawi. Nduguye alikuwa chini, akamwinua kwa miguu mpaka wakaitoa. Alibaki na alama nyekundu shingoni siku kadhaa, na mama yake alitutazama kwa njia ambayo hatujaisahau. Kamba yoyote ya shingoni, iwe ya filimbi, ya funguo ama ya kitambulisho, lazima iwe na mahali dhaifu panapokatika. Tangu siku ile hatufundishi nyingine.

Sasa tuingie kazini. Unahitaji kamba ya unene wa milimita 3 hivi, urefu wa mita 2 na nusu. Ya pamba ndiyo nzuri kwa shingo. Katani iliyosokotwa vizuri, kama ile akina mama wanayosokotea pajani kwa ajili ya vyondo, ina nguvu lakini huwasha mtu akitoka jasho. Ukiitumia, ivalie juu ya kola. Nailoni haiozi, ila mafundo yake huteleza, kwa hivyo yakaze sana. Kata vipande viwili: kimoja cha mita 1 na sentimita 20, kingine cha mita 1 na sentimita 30.

Chukua kile kifupi, kikunje katikati. Pitisha mkunjo wake kwenye pete ya filimbi, kisha ingiza ncha mbili ndani ya mkunjo huo na uvute, kama vile tunavyofunga kamba ya mbuzi kwenye kigingi. Sasa filimbi imeshikwa na una nyuzi mbili zilizolala pamoja. Hizi tuziite za katikati, maana hazifanyi kazi, zinakaa tu. Tundika pete ya filimbi kwenye msumari, ama kama hakuna msumari ishike kwa kidole gumba cha mguu, wazee wetu walisokota hivyo hivyo.

Kipande kirefu kipitishe chini ya zile nyuzi mbili, karibu kabisa na filimbi, katikati yake ikae sawa ili upande wa kushoto na wa kulia uwe na urefu mmoja. Hizi ndizo nyuzi za kufanya kazi. Ya kushoto ilaze juu ya zile za katikati kwenda kulia, na ipite chini ya ile ya kulia. Kisha ile ya kulia ipite chini ya zile za katikati, itokee kushoto na kupanda juu kupitia tundu lililobaki pale. Vuta pande zote mbili kwa nguvu sawa. Hiyo ni nusu ya fundo.

Nusu ya pili ni kinyume chake: anza na ya kulia. Ilaze juu ya zile za katikati kwenda kushoto, ipite chini ya ile ya kushoto, halafu ya kushoto ipite chini na kutokea juu kwenye tundu la kulia. Vuta. Fundo limekamilika na linalala bapa. Watoto wengi husahau na kuanza kushoto kila mara, basi kamba inajipinda kama ngazi ya mviringo. Hiyo si dhambi, inashika vile vile, na wasichana wengine huipenda zaidi.

Endelea mpaka mafundo yafike urefu wa sentimita 10. Kila sentimita ya mafundo hula kama sentimita 5 za kila uzi, ndiyo sababu kipande hiki tulikikata kirefu. Mwishoni, ncha zilizobaki zirudishe chini ya mafundo mawili ya mwisho kwa sindano ya gunia, ukate masalio. Kama ni nailoni unaweza kuyeyusha ncha kwa moto wa kiberiti, lakini asifanye mtoto, na usibonyeze kwa kidole. Nailoni iliyoyeyuka hugandamana na ngozi.

Zimebaki zile nyuzi mbili za katikati, ambazo zitazunguka shingo. Usizifunge pamoja! Kila moja ipige kitanzi kidogo mwishoni, kipana kiasi cha kupitisha penseli, kwa fundo la kawaida. Halafu unganisha vitanzi hivyo viwili kwa uzi wa pamba wa kushonea nguo, mzunguko mmoja tu, na ufunge. Uzi huo mwembamba ndio unaolinda shingo ya mtoto. Ukikaa nyuma ya kisogo hauonekani.

Ijaribu kabla ya kuvaa. Tundika kamba kwenye msumari kwa upande mmoja wa shingo, uzi ukiwa chini, na mahali ulipo uzi uachie huru pande zote mbili: upande wa chini ning'iniza chupa ya maji ya lita 1. Iwe inashika. Kisha ondoa chupa, weka jerikeni ya lita 5 yenye maji, uiachie polepole. Lazima uzi ukatike. Usipokatika, uzi wako ni mnene mno, tafuta mwembamba. Ukishakatika, funga mwingine, kazi ya dakika moja. Fundi cherehani yeyote atakupa vipande vya bure.

Filimbi ikishatulia kifuani, mfundishe mbwa taratibu. Simama hatua chache tu kutoka kwake, pulia mara mbili fupi, mpe kipande cha ugali anapokuja. Rudia siku nyingi kabla ya kwenda mbali. Na jamani, usimwite kwa filimbi halafu ukampiga kwa sababu ya yai aliloiba jana. Atajifunza mara moja kwamba mlio ule maana yake ni fimbo, na siku ya chanjo utamwona mkia tu.

Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Pilipili na mafuta ya taa viachwe jikoni.

Kamba ioshwe kwa sabuni mara kwa mara, filimbi ichemshwe kama ni ya chuma, na ule uzi wa kisogoni ubadilishwe kila mwanzo wa muhula, kwa kuwa jasho huuozesha na filimbi itaanza tena kuanguka malishoni.