Fimbo ya Sangara: Ununue Ipi Ukiwa Soitsambu?

Maduka mengi ya fimbo za kuvulia yanauza kana kwamba ziwa liko nyuma ya nyumba ya mteja. Sisi wa Soitsambu hatuna bahati hiyo. Ukishuka mashariki hadi bondeni utakuta Ziwa Natron, lakini lile ni la magadi, na samaki wake ni perege wadogo waliozoea chumvi na joto. Hakuna hata mmoja wa kumrushia chambo cha bandia chenye urefu wa kiganja. Magharibi, ng'ambo ya Serengeti, ndiko kwenye Ziwa Victoria na sangara. Kaskazini, ndani ya Kenya, kuna Naivasha na besi, yule samaki wa Marekani mwenye mdomo mpana aliyepandikizwa huko mwaka 1929. Kwa hiyo fimbo yako itapanda basi au nyuma ya Land Cruiser mara nyingi kuliko itakavyoingia kwenye mtumbwi, na hilo peke yake linabadilisha hesabu ya ununuzi.

Nani ananunua fimbo huku? Kwa mila, Mmasai si mlaji wa samaki, na wazee wengi hawana habari na jambo hili. Wanaouliza ni watumishi, walimu na wauguzi wenye kwao Mara au Mwanza wanaosubiri likizo, na vijana wa kambi za utalii waliowasikia wageni wakisimulia habari za Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria. Makala hii ni yao.

Anza na chambo, si fimbo. Vyambo vya bandia vinavyotumika kwa sangara ni vizito. Rapala Super Shad Rap ya sentimita 14 ina gramu 45, na zile Magnum kubwa za Rapala zinafika gramu 70 na zaidi. Vyambo laini vya mpira vya Wamarekani, wanavyorushia besi wakubwa, vinaweza kupita gramu 100. Fimbo ya kawaida ya besi imetengenezewa gramu 10 hadi 30 hivi, na ukiifungia chambo cha gramu 70 ukairusha kwa nguvu, ncha inabaki nyuma, mzigo unakuja kwa kishindo, na siku moja utasikia mlio wa kukatika.

Uwezo wa fimbo umeandikwa juu ya mpini, kwa maandishi madogo ambayo wanunuzi wengi hawayasomi. Fimbo za Ulaya huandikwa kwa gramu, za Marekani kwa aunsi, na aunsi moja ni gramu 28 na kitu. Ukiona 1/2 hadi 1 1/2, hiyo ni gramu 14 hadi 42: inatosha Naivasha, haitoshi sangara. Ukiona 2 hadi 6, hiyo ni gramu 57 hadi 170, fimbo ya vyambo vikubwa hasa. Kwa Ziwa Victoria mimi ningetafuta inayobeba gramu 40 hadi 100. Herufi za ugumu, MH, H na XH, zilizoandikwa pembeni zina maana kwa kampuni moja tu; H ya kampuni hii inaweza kuwa MH ya kampuni ile. Amini gramu.

Hata gramu zenyewe hazimalizi habari. Chambo chenye ulimi mpana wa plastiki puani huzama kadiri unavyokivuta, na kikiwa chini kinavuta fimbo kuliko uzito wake unavyoonyesha. Cha gramu 45 chenye ulimi kinaweza kuchosha mkono kuliko cha mpira chenye gramu 70. Ndiyo maana Wamarekani wanaovuta vyambo vizito vya kuzama bado wanapenda fimbo za faibaglasi, ingawa kaboni imetawala madukani. Faibaglasi inajikunja taratibu, inameza mishtuko, na samaki anapotikisa kichwa juu ya maji ndoano hazichomoki kirahisi. Na sangara hutikisa kichwa kweli: huruka, hupanua mashavu na kukitupa chambo kama ana hasira nacho.

Sasa kaboni, faibaglasi au mchanganyiko? Kaboni ni nyepesi na inakuletea mkononi kila mguso wa chambo. Kwa mtu anayerusha kutwa nzima kutoka kwenye miamba, wepesi ule ni raha. Lakini haipendi kugongwa. Ikigonga ukingo wa mtumbwi au jiwe inapata ufa usioonekana, na inavunjika wiki mbili baadaye ukiwa umeinyanyua tu. Wala haipendi kusimamishwa wima samaki akiwa chini ya mtumbwi. Hapo nguvu zote huishia nchani. Jambo lingine halisemwi dukani: kaboni inapitisha umeme, na Ziwa Victoria ni la radi. Ukiona wingu jeusi, laza fimbo na urudi nchi kavu.

Mchanganyiko wa faibaglasi na kaboni ni mzito zaidi, na hausomi chini ya maji vizuri kama kaboni tupu, lakini unavumilia. Ugly Stik ndiyo jina linalojulikana zaidi katika kundi hili. Zimekuwepo tangu 1976, na wapenda kaboni huzicheka kwa ubutu wake. Wacheke. Fimbo inayolala chini ya magunia ya mahindi kati ya Wasso na Mto wa Mbu haihitaji usikivu kama inavyohitaji ngozi ngumu.

Kisha urefu, na hapa ndipo pesa inapopotea. Fimbo zinazosifiwa kwa vyambo vikubwa vya besi nyingi ni za kipande kimoja, zenye urefu wa mita 2.3 hadi 2.4. Zinarusha mbali, na kwa kuwa hazina kiungo zinajikunja mfululizo bila mahali pagumu katikati. Ningekuwa naishi Bukoba au Musoma ningezifikiria. Lakini bomba la mita 2.4 la kubebea fimbo hiyo haliingii kwenye buti la basi, kondakta atalifunga juu ya keria, na barabara kutoka Arusha kupitia Engare Sero na Sonjo inajulikana. Wasafirishaji wa kimataifa nao hutoza kifurushi kirefu zaidi hata kikiwa chepesi.

Tufanye hesabu, tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500 ili iwe rahisi. Bidhaa nyingi zilizokamilika zinazotoka nje ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, unaopigwa juu ya bei pamoja na usafiri, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla ya hiyo yote. Tuseme fimbo ya kipande kimoja, ya kundi la kati kama Okuma Guide Select, ni dola 130, na bomba lake limekugharimu dola 70 kusafirisha. Hizo ni 200. Ukiongeza ushuru zinakuwa 250, na VAT inazifikisha 295. Umelipa shilingi 737,500 kabla ya tozo ndogondogo za forodha, na bado huna rili.

Chukua ya pili: mchanganyiko wa faibaglasi, vipande viwili, mita 2.1, dola 60, na usafiri tuseme dola 30 kwa kuwa kifurushi ni cha mita moja na kidogo. Kwa njia ileile unafika dola 133 hivi, yaani shilingi 332,000. Ya tatu ni fimbo ya safari ya vipande vitatu au vinne vya kaboni, aina ya Shimano STC. Tuiweke dola 110 na usafiri 25: inaishia kwenye shilingi 498,000 hivi. Bei za dukani hupanda na kushuka, lakini uwiano unabaki uleule: bomba refu linalipiwa mara tatu, kwa msafirishaji, kwa forodha, na kwa VAT inayopigwa juu ya vyote viwili.

Zipo pia zile za kuvuta kama antena ya redio, zinazouzwa kwa makumi machache ya maelfu ya shilingi, na rili ndani ya begi lilelile. Kwa perege zinafaa na mtoto atazifurahia. Kwa sangara ni kutupa pesa. Viungo ni vingi na vyembamba, kipande cha juu kinazunguka chenyewe uzi ukikaza, na nambari za gramu zilizoandikwa juu yake mara nyingi ni mapambo.

Uamuzi wangu ni ile ya pili: mchanganyiko, vipande viwili, mita 2.1, uwezo wa gramu 40 hadi 100. Ufupi wake wala si hasara kubwa. Sangara wengi wanaovuliwa kwa fimbo hupatikana kwa kuburuta chambo nyuma ya boti kando ya miamba na visiwa, na hapo umbali wa kurusha hauna kazi. Samaki akiwa chini ya boti, fimbo fupi inakupa nguvu wewe, na ndefu inampa yeye. Anayejua kuwa atasimama juu ya miamba na kurusha kutwa nzima, na mwenye laki tano, achukue ya safari ya kaboni. Kipande kimoja mwachie mwenye nyumba kando ya ziwa.

Tofauti ya bei ipeleke kwenye rili na uzi. Rekodi ya dunia ya sangara ni kilo 104.3, wa Ziwa Nasser nchini Misri, mwaka 2000. Huyo usimpigie hesabu, lakini hata wa kilo 20 ataichosha rili ya perege. Kwa asiyezoea, rili ya kuning'inia chini ya fimbo, ukubwa wa 5000 au 6000, ndiyo rahisi. Ile ya kukaa juu ya fimbo inabeba vyambo vizito vizuri zaidi, ila kujifunza kuirusha kunakula uzi mwingi unaosokoteka kama kiota. Uzi uwe wa kusokotwa wa ratili 50 hivi, na mbele yake funga mita moja au mbili za nailoni nene, kwa sababu midomo ya sangara inakwaruza kama msasa na vifuniko vya mashavu yake vinakata.

Wageni wakati mwingine huuza au kuacha fimbo zao, na hapo mtu anaweza kupata kitu cha dola 300 kwa bei ya mbuzi. Ikague kabla ya kulipa. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Ikinasa nyuzi, pete ina ufa na itakukatia uzi siku ya samaki mkubwa. Tembeza ukucha polepole kutoka mpini hadi ncha ukitafuta mkwaruzo wenye kina. Unganisha vipande: kwa fimbo nyingi za kuchomeka, uwazi mdogo unaobaki kwenye kiungo ni wa kawaida, lakini ikicheza ukiitikisa, irudishe. Kiungo kizima kipake nta ya mshumaa mara mojamoja ili kisilegee katikati ya kurusha.

Anayekwenda Naivasha asinunue hii fimbo. Besi wa pale si wa kulinganishwa na wa Japani au Georgia, ambako rekodi ya kilo 10 na kidogo iliwekwa 1932 na kufikiwa tena 2009. Kwa miaka mingi wa Naivasha walikula sana kamba wa maji baridi walioletwa mwaka 1970, na tangu samaki aina ya kapu waingie mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndio waliokuja kujaza nyavu. Fimbo ya gramu 10 hadi 30 inatosha kabisa, na ni nusu ya bei.

Gharama ya mwisho haimo kwenye fimbo. Uvuvi Tanzania Bara unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na anayevua kwa burudani naye anatakiwa kuwa na leseni. Ulizia kwa ofisa uvuvi wa wilaya utakakovua, maana wa kwetu Ngorongoro hatakukatia ya Musoma. Sangara wa chini ya sentimita 50 anarudishwa majini. Rubondo ni hifadhi ya taifa, hivyo kuna viingilio na masharti ya TANAPA, na ukikatiza Serengeti kupitia lango la Kleins, kiingilio cha njiani nacho kiweke kwenye bajeti kabla hujaamua kama fimbo ya laki saba ni ghali.