Ngannou: Bingwa Aliyeukataa Mkataba

Januari 2023, kampuni ya mapambano ya UFC ilitangaza kuachana na Francis Ngannou, Mkameruni aliyekuwa bingwa wake wa dunia wa uzito wa juu. Hakuwa amepigwa, hakuwa amefeli vipimo, wala umri haukuwa umemtupa mkono. Mkataba wake ulikwisha, akawekewa mezani mwingine mnono zaidi, akaukataa. Mashabiki wengi walimwona hamnazo. Mtu aliyewahi kuokota chakula jalalani anawezaje kuyapa kisogo mamilioni ya dola?

Kumwelewa kunahitaji kurudi Batié, mji mdogo wa magharibi mwa Cameroon alikozaliwa mwaka 1986. Wazazi wake walitengana angali mdogo, akalelewa kwa ndugu. Kabla hajabalehe alikuwa kibarua kwenye machimbo ya mchanga, akijaza malori kwa beleshi ili apate chochote cha kujikimu na kulipia shule. Baba yake alisifika mtaani kwa ugomvi, na kila kijana alipotunisha misuli watu walimwona anafuata nyayo zilezile. Yeye akasema kama ni kupigana, atapigana kwa kazi. Alianza kujifunza ngumi akiwa na miaka 22, umri ambao mabondia wengi huwa wameshazeeka kwenye ngumi za ridhaa.

Mwaka 2012 aliondoka. Alipita Nigeria na Niger, akavuka Sahara hadi Algeria, kisha Morocco, ambako alikwama karibu mwaka mzima. Alijaribu tena na tena kuingia Hispania: mara kwa kuparamia uzio wa mji wa Kihispania wa Melilla ulio pwani ya Afrika, ambao nyaya zake zilimwachia makovu mwilini, mara kwa boti ya mpira. Polisi wakimkamata walimtupa jangwani, naye akarudi tena. Alipofanikiwa hatimaye kuvuka, alizuiliwa Hispania kwa takriban miezi miwili kabla ya kuachiwa. Juni 2013 akaingia Paris, mfukoni hana kitu, akilala kwenye maegesho ya magari.

Watangazaji wa Marekani waliipenda mno simulizi hii, wakairudia kila alipopanda ulingoni. Waliisimulia kama pambo la tangazo. Ilistahili kusikilizwa kwa makini zaidi, maana mtu aliyekataliwa mpakani mara zote hizo na bado akarudi si rahisi kumtisha kwa kumwambia mlango utafungwa.

Paris alikwenda kutafuta ngumi, akakuta MMA. Kocha Fernand Lopez wa klabu ya MMA Factory alimshawishi ajaribu mchezo huo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali, ndani ya ulingo wa pembe nane uliozungushiwa wavu. Humo kuanguka hakusimamishi pambano. Aliyeangushwa huendelea kupigwa palepale chini. Novemba 2013 Ngannou akapigana kwa mara ya kwanza. Desemba 2015 alikuwa UFC, na miaka miwili baadaye alimzimisha Alistair Overeem kwa konde la mkono wa kushoto lililomfanya azungumzwe dunia nzima.

Januari 2018, pale Boston, akapewa nafasi ya kuwania mkanda dhidi ya Stipe Miocic. Alirusha makonde mazito mapema, pumzi ikamkatikia, akabanwa kwa mieleka na kupoteza kwa pointi. Kilichofuata kilisikitisha zaidi. Julai mwaka huohuo alikutana na Derrick Lewis, mpiganaji mzito kama yeye, na kwa dakika 15 wakatazamana tu huku ukumbi ukizomea. Ngannou alifikisha makonde na mateke 11 pekee. Baadaye alikiri hadharani kuwa aliingia ulingoni akiwa ameibeba hofu ya pambano lililopita. Si wapiganaji wengi wa uzito wa juu wanaothubutu kulitaja neno hofu.

Alirudi mazoezini. Mapambano manne yaliyofuata aliyashinda yote, na ukijumlisha muda wake hayafiki hata dakika tatu. Machi 2021, mjini Las Vegas, alimwangusha Miocic kwa KO raundi ya pili na kuutwaa mkanda.

Lakini pambano linalomweleza vizuri zaidi ni la Januari 2022, dhidi ya Ciryl Gane, Mfaransa aliyefundishwa na kocha yuleyule Lopez. Ngannou alipanda ulingoni na goti bovu, kano zake zikiwa zimechanika mazoezini. Raundi mbili za mwanzo Gane alimzunguka na kumchosha. Ya tatu Ngannou akabadili kila kitu: akadaka mguu, akamnyanyua mwenzake, akambwaga. Aliyejulikana kwa ngumi akashinda kwa mieleka, ileile iliyomwangusha miaka minne nyuma. Rais wa UFC hakuonekana ulingoni kumfunga mkanda.

Uhusiano wake na kampuni ulikuwa umeshaharibika. Kisheria, wapiganaji wa UFC si waajiriwa; ni watu wa mkataba, kila mmoja akibeba gharama za makocha na kambi yake. Kampuni hugharamia majeraha ya ulingoni na mazoezini, lakini zaidi ya hapo kila mtu na lake. Ngannou hakudai fedha tu. Alitaka bima ya afya kwa wapiganaji, uhuru wa kujitafutia wadhamini, na mtu wa kuwasemea katika vikao vya uongozi. Alikataliwa. Mwandishi huyu anaona hapo ndipo alipoonyesha ubingwa, kwa sababu mawili kati ya hayo yangewanufaisha hata wale wanaopigania nauli.

Mei 2023 alisaini na kampuni shindani ya PFL, iliyomwachia pia uhuru wa kupigana ngumi. Oktoba mwaka huo, Riyadh, katika pambano lake la kwanza kabisa la ngumi za kulipwa, alimwangusha Tyson Fury raundi ya tatu na kupoteza kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Machi 2024 Anthony Joshua alimzimisha raundi ya pili, bila ubishi.

Mwezi uliofuata alifiwa na mwanawe wa miezi 15. Alitangaza msiba mwenyewe, na hakuficha kuwa hajui kama atarudi ulingoni. Oktoba 2024 alirudi, akammaliza Mbrazili Renan Ferreira raundi ya kwanza, kisha akalia mbele ya kamera, akimtolea mtoto huyo ushindi wake.

Madai dhidi ya UFC hayakuwa yake peke yake: Februari 2025, mahakama ya Marekani iliidhinisha UFC iwalipe wapiganaji wake wa zamani dola milioni 375, kumaliza kesi ya madai kwamba iliwabana ili iwalipe kidogo. Julai mwaka huohuo PFL Africa, ambayo Ngannou aliteuliwa kuwa mwenyekiti wake, ilianza mapambano yake Cape Town. Swali la bima aliyoidai kwa UFC sasa linaweza kuulizwa na kila kijana wa Afrika anayefungua mkataba wa kampuni hiyo.